Mstari wa Jumamosi

Sijui nyinyi mmeskia ipi. Huku Kawangware wanasema mwizi wa nduthi alipigwa Lindi, hapo Kibera. Huko Lindi wanasema simu ziliingiwa na mapepo. Wote wanadanganya. Mimi nilikuwa hapo. Mimi Immaculate, binti ya Mama Musimbi wa 46, yule ako na nyuzi saba juu ya jicho. Nikicheka zinavuta, nikilia zinachoma, na kunyamaza siwezi, so wacha niitoe yote.

Kuna app ya watu wa boda inaitwa Filimbi. Ilianzia steji yetu ya 46, saa hii iko na wasee zaidi ya mia mbili, kutoka Kawangware mpaka Kibera. Kila nduthi, yaani pikipiki, iko na kidude kimefichwa chini ya kiti. Ukiiwasha asubuhi unabonyeza namba yako kwa simu. Filimbi inaangalia: hii nduthi ni ya nani, na huyu ameishika ni nani. Ikiona hawaingiani, inalia. Inalia kwa simu zote pamoja, na inaonyesha kwa ramani mwizi ako wapi. Na mnajua watu wa boda wakiitwa hivyo. Hawakujangi na maswali.

Aliyeiandika ni Austin wa Lindi. Kichwa anayo, roho safi anayo, lakini anaandika code vile landlord wa huko anajenga: mpangaji mpya akikuja, anagongelea mabati chumba kingine nyuma. Chairman akisema ongeza hii, Austin anaongeza. Ile sehemu ya kuamua nani ni mwizi ilikuwa imefika mistari mia nne na kumi na mbili. "Kama" ndani ya "kama" ndani ya "kama", mpaka ya nane, huko ndani hujui ulipitia wapi na hujui utatokea wapi.

Mimi nilimaliza college mwaka jana, Austin akanichukua. Kitu ya kwanza nilifanya ni kupima. Kuna programu ya kupima, unaipatia code yako, inahesabu njia panda. Kila "kama" ni njia panda moja, huku ama huku. Ukipata kumi, mtu wa kawaida bado anaweza kusoma akaelewa. Ikizidi hapo, anza kuogopa. Ile ya Austin ilisoma hamsini na nane. Hamsini na nane! Nilimwonyesha, akacheka, akasema, "Imma, si inafanya kazi?"

Nikamwambia itafanya kazi mpaka siku itakataa, na hiyo siku hakuna mtu atajua ni kwa nini.

Wiki tatu nilikuwa nakata. Nilivunja ile jitu ikawa vipande vidogo, kila kipande na jina la Kiswahili, ili hata chairman akiangalia aelewe. niMwenyewe. niSquad, yaani yule mwenye nduthi amempatia amshikie kazi. anaRuhusaYaChairman. Namba ikaanza kushuka. Arobaini. Ishirini na sita. Kumi na tano. Nilikuwa naamka asubuhi kabla jogoo wa jirani, nakimbia ofisini kama mtu ako na mpenzi mpya.

Ikakwama kumi na moja. Kumi na moja! Moja tu juu! Na iliyobaki ilikuwa kitu moja huko ndani kabisa, kwa ile "kama" ya nane, inaitwa tmp4. Hakuna maelezo, hakuna nini. Nikauliza Austin hii ni ya kazi gani.

Akakuna kichwa. "Hiyo niliandika haraka kitambo. Sikumbuki, haki."

Nikafungua rekodi nione nani hupita hapo. Nikachukua wiki nzima, yaani Jumatatu mpaka Ijumaa, siku zangu za kazi. Hakuna mtu hata mmoja alikuwa amepita hiyo njia. Nikasema hii ni maiti, tuzike. Nikaifuta na vijinjia vyake. Namba ikasoma nane. Nilipiga nduru mpaka mama wa chapati wa chini akapanda ngazi kuuliza kama nimeumwa na panya.

Hiyo ilikuwa Ijumaa. Jioni nikasimama juu ya kreti ya soda hapo stejini, wasee wote wamenizunguka, na Nyongesa, chairman wetu tangu mwaka mpya, amekunja mikono mbele. Nikawaambia Filimbi imeoshwa, imeng'aa. Msee mmoja anaitwa Murunga akauliza, "Na ikikosea?"

Nikasema, "Sasa hii haikosei."

Wakapiga honi zote pamoja. Mnajua vile nilijiskia? Kama nimeolewa.

Jumamosi saa tano asubuhi nilikuwa nafua, povu mpaka kiwiko, simu ikalia. Ile sauti yenyewe. Ya kwanza tangu niisafishe. Niliruka! Nilicheza kwa yale maji! Nikamwambia jirani, "Imeshika mwizi! Yangu imeshika mwizi!" Nikapangusa mkono kwa leso nikafungua nione.

Nduthi nyekundu ya Nyongesa. Iko Lindi. Ameishika mtu anaitwa Jeconia, na namba yake imo kwa Filimbi, mwanachama wetu, miaka miwili.

Mwizi gani anabonyeza namba yake mwenyewe?

Nikafungua code. Ilinichukua sekunde ishirini. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka sasa. Zamani ungekaa siku mbili ukitafuta. Mimi nilikuwa nimeisafisha vizuri hadi kosa langu lilikuwa linaonekana kama mende kwa sahani nyeupe. Si mwenyewe, nduthi ni ya Nyongesa. Si squad, squad wa Nyongesa ni Obonyo. Ruhusa ya chairman hakuna. Hiyo ndiyo mwisho wa njia. Haikuwa na mahali ingine ya kumpeleka Jeconia.

Nikampigia Austin. "Jeconia na Obonyo wanajuana?"

"Si ni majirani, hapa tu nyuma yangu. Obonyo ni wa Sabato. Jumamosi hapandi, anamwachia Jeconia…" Nikaskia vile pumzi ilimtoka. "Imma. Tmp4. Ilikuwa ya Walubengo."

Walubengo ndiye alikuwa chairman kabla ya Nyongesa. Alirudi Webuye. Kabla aende alikuwa amekubaliana pole pole na wale wa Sabato: Jumamosi squad anaweza kupeana kwa mtu wake. Hakutangaza, kwa sababu wenye nduthi wangekataa. Alimwambia tu Austin aweke. Austin akaweka, kwa "kama" ya nane, bila neno. Walubengo akaenda, Austin akasahau, na Nyongesa hakuwahi kuambiwa. Kwa hii dunia yote kitu moja tu ndiyo ilikuwa inakumbuka Jeconia si mwizi, na nilikuwa nimeifuta ndiyo nipate nane.

"Toka nje umwambie!" nikapiga kelele.

"Nimetoka," Austin akasema. Kulikuwa na kelele nyuma yake, kama mvua kwa mabati. "Wamemshika, Imma. Wako wengi. Wanampiga na helmeti. Wooi. Wanampiga na helmeti kwa uso."

Filimbi ikishalia, mnyamazishaji ni mmoja. Chairman, na kidole chake kwa simu yake. Walitaka hivyo wenyewe, kwa sababu kuna mwizi aliwahi kunyakua simu akazima. Nikampigia Nyongesa mara sita. Kwa ramani nikaona ako wapi. Alikuwa huko huko Lindi, katikati.

Nilitoka na leso kiunoni na slipa. Murunga alikuwa anawasha nduthi yake anaenda. Nikaruka nyuma.

"Unaenda kuona mwizi wako?" akacheka. "Shikilia!"

Nikashikilia. Niliogopa nikimwambia atanishukisha. Tulipaa kwa Ngong Road upande wa magari yanakuja, na kila kona wanaingia wengine, kumi, ishirini, honi, taa, mwingine amebeba nyororo shingoni kama tai. Wananipungia mkono! Wanaimba jina langu! "Imma! Imma! Haikosei!"

Tulipofika Lindi hata hatukuhitaji ramani. Vioski vilikuwa vimefungwa mara moja, madirisha yote, na watu wamesimama juu ya ukuta wakirekodi. Nilimwona kupitia miguu. Alikuwa amelala upande kwa mtaro, magoti kwa tumbo, mkono mmoja umepinda mahali mkono haupindi. Jaketi lake la boda lilikuwa limevutwa mpaka kichwani, na wanagonga hapo kwa lile jaketi, kwa sababu ukigonga mtu hana uso ni rahisi. Helmeti. Rungu. Mtu mmoja alikuwa na jiwe la mafiga, anaibeba na mikono mbili, anasema, "Nipisheni, nipisheni," kwa upole kabisa, kama mama amebeba sufuria ya moto.

Wengine wawili walikuwa wanavuta tairi.

Nyongesa alikuwa amesimama kando ya nduthi yake nyekundu, rungu mkononi, anatweta.

Nikaingia. Sijui niliingiaje. Nilipita chini ya makwapa ya watu, slipa moja ikabaki, nikaanguka juu ya Jeconia na nikamlalia, na kile kipigo kilikuwa kinakuja kikaniingia mgongoni. Ubao. Ulikuwa na msumari. Niliskia nguo ikiraruka na mimi pamoja nayo.

"Simameni! Si mwizi! Ni mashine!"

"Huyu ni nani?"

"Ni Imma! Ni yule wa app!"

"Imma, toka hapo, wacha tumalize."

"Nimekosea mimi! Mashine imekosea!"

Wakacheka. Haki ya Mungu, walicheka. Mmoja akasema, "Jana ulisema haikosei. Leo umeona ni kijana handsome?"

Chini yangu Jeconia alikuwa anasema kitu kwa Kijaluo, moja hiyo hiyo, na kila akisema inatoka na damu, ikinipakaa shingo. Nikaita, "Nyongesa! Chairman! Mwizi gani anabonyeza namba yake? Angalia simu yako, jina lake liko hapo!"

"Alipata wapi nduthi yangu?" Nyongesa akasema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nilimpatia Obonyo. Obonyo yuko wapi?"

"Kanisani! Amezima simu! Ni Sabato!"

"Basi huyu amemwibia Obonyo akiwa kanisani."

"Eeh!" watu wakasema. Iliwaingia vizuri sana.

Hapo ndipo Murunga alinipiga. Murunga aliyenibeba. Alinishika leso, akanivuta, akasema, "Unatetea mwizi?" na akaniangushia helmeti hapa juu ya jicho. Sikuskia uchungu. Niliona tu nyeupe, halafu nyekundu, halafu nikaona nimekaa kwa matope na mkono wangu bado umeshika jaketi la Jeconia. Niliskia harufu ya petroli. Mtu alikuwa ameshamimina kidogo. Ilikuwa kwa suruali yake na kwa leso yangu.

Nilifikiria kitu kijinga. Nilifikiria, Nyongesa anajua kusoma.

Nikatoa simu, nikaenda kwake na magoti, nikamshika suruali. "Chairman. Soma. Hii ndiyo inasema nani ni mwizi. Ni fupi. Nimeiandika fupi ndiyo wewe usome. Soma kwa sauti halafu mmalize, sitasema tena."

Sijui ni damu ilimtisha ama nini. Akachukua. Akapangusa kioo na kidole gumba. Akasoma kama mtu anasoma tangazo la mazishi.

"Kama ni mwenyewe… si mwizi. Kama ni squad… si mwizi." Akaangalia juu. "Si iko sawa?"

"Endelea."

"Kama ana ruhusa ya chairman…"

"Palikuwa na mstari hapo chini. Wa Jumamosi. Walubengo aliuweka. Mimi niliutoa."

"Walubengo hakuniambia kitu."

"Hakumwambia mtu!"

Na hapo, jameni, simu zote zikalia. Zote. Mia mbili, kwa mifuko, kwa mikono, juu ya ukuta. Mwizi mwingine. Watu wakaruka nyuma kama wamepigwa na stima, wakatoa simu, na wale wa nje washaanza kuwasha. Nduthi ya Wekulo. Iko Kawangware 46. Ameishika mtu anaitwa Muia.

Wale waliowasha wakazima.

"Muia?" mtu akasema. "Muia gani?"

"Muia wa 46. Muia wetu."

"Muia mzee wa harambee?"

"Muia hawezi iba hata usingizi."

"Jumamosi yeye hubeba ya Wekulo," mwingine akasema, pole pole. "Squad wa Wekulo ni wa Sabato pia."

Niliona ikiingia kwa uso wa Nyongesa. Haikuingia kwa sababu ya mstari. Haikuingia kwa sababu yangu nimejaa damu, ama kwa sababu ya yule mtu kwa mtaro. Iliingia kwa sababu ya Muia. Akaangusha rungu, akatoa simu yake, akaweka kidole. Ikakataa. Kidole kilikuwa na damu. Akakipangusa kwa shati, akaweka tena. Ikakataa. Kwa ramani nduthi saba za 46 zilikuwa zimeshafika karibu na Muia, unaziona, vitone vinajikunja. Nyongesa akatia kidole mdomoni, akanyonya, akatema, akaweka.

Simu zote zikatoa ule mlio mfupi wa kufuta. Mara mbili. Moja ya Muia, moja ya Jeconia.

Yule wa jiwe la mafiga alikuwa bado amelibeba. Akaangalia mahali pa kuliweka. Akaliweka chini polepole, kando ya kiosk, akapangusa mikono, akaenda. Wote walienda hivyo. Dakika mbili, hakuna mtu. Murunga aliniangalia, akaangalia helmeti yake, akaivaa.

Austin akatokea na pajama, analia, laptop kwa kwapa. "Nimerudisha ile mbaya," akasema. "Nimerudisha yote hamsini na nane."

Tulimbeba Jeconia na ile nduthi nyekundu mpaka hospitali. Nyongesa mbele, Jeconia katikati, mimi nyuma nimewashikanisha wote na leso. Kichwa chake kilikuwa kimelala kwa mgongo wa Nyongesa, na njia yote Nyongesa alikuwa anasema, "Usilale, ndugu yangu. Usilale, ndugu yangu." Sasa alikuwa ndugu.

Mbavu tatu, mkono mahali pawili, meno manne, na jicho la kushoto daktari anasema tungoje. Lakini anapumua. Mke wake Rosebella alinikuta kwa benchi nikishonwa. Akauliza nesi, "Ni huyu?" Rosebella alinizaba kofi mbili, moja kila upande, nesi akiwa bado ameshika sindano. Sikuinua mkono. Halafu akakaa kando yangu, kwa sababu hakukuwa na benchi ingine.

Jumatatu Jeconia akasema nipelekwe kwake, huko wadini. Nilienda na laptop, nimekaza kifua, nikijua atanitukana. Uso wake ulikuwa kama kitu kimeiva vibaya. Akasema, na meno yaliyobaki, "Nionyeshe mahali mliandika jina langu."

"Jina lako haliko."

"Sasa mwizi ilitoka wapi?"

Nikamfungulia ile yangu ya Ijumaa. Akaivuta karibu na lile jicho moja. Akasoma pole pole, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akafika chini kabisa, pale Nyongesa hakufika. Akaweka kucha hapo kwa kioo.

"Hii inasemaje?"

"Wengine wote… mwizi."

"Wengine wote." Akapumua. Kupumua kulimuuma, niliona. "Dada, hiyo ni mimi, na nani mwingine?"

"Sijui."

"Basi si uandike hivyo."

"Filimbi haijui kusema sijui, Jeconia. Inalia ama hailii."

"Ifundishe."

Nikamwambia hiyo italeta njia panda ingine. Nikamwambia lazima ipigie huyo mtu kwanza, halafu squad, halafu mwenyewe, halafu chairman, na kila mmoja anaweza kosa kushika simu, na namba itapita kumi, itapita ishirini, tutarudi kule kule kwa Austin. Nilikuwa naongea haraka, nyuzi zinavuta. Akaningoja nimalize. Rosebella alikuwa anamlisha uji na mrija, akaacha.

"Kata zingine," Jeconia akasema. "Hiyo ndiyo utabakisha."

Nikafungua, nikakaa kwa ukingo wa kitanda. Nilifuta neno "mwizi" hapo mwisho na nikaanza kuandika, na kila mstari nikimaliza ananiambia, "Soma," na mimi nasomea wadi nzima kwa sauti, na kama kuna neno hajaelewa ananipiga goti na ule mkono mzima, si pole, na naandika upya.